Shangazi wa Chumba cha Ramani na Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya maji, Shangazi wa chumba cha ramani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili lipo kwenye hati za mishahara, lakini ndani ya jengo hili hata mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake, humwita Shangazi.

Alianza kazi akiwa mchoraji wa kalamu na wino, enzi ambazo ramani ya mabomba ilichorwa kwenye karatasi kubwa kama shuka na kosa likakwanguliwa kwa wembe. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Ukienda naye kumjulia hali mgonjwa, kabla hajauliza kama homa imepungua, atakuwa ameshawajulisha wenye nyumba kwamba chini ya kile kitanda linapita bomba la inchi sita. Wakwe zake walishazoea. Sisi bado.

Kompyuta zilipoingia, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuzihamishia ramani zote, karatasi baada ya karatasi, kwa kuwa wino ulikuwa unafifia na mende walikuwa hawalali. Alimaliza mitaa ya juu, akamaliza soko, akafika bondeni. Mabomba ya bondeni yalilazwa na watu waliokwishatangulia mbele ya haki, na hakuna aliyejua yanapopinda isipokuwa zile karatasi na Shangazi mwenyewe.

Hapo ndipo, miaka mitatu iliyopita, mkono wake wa kulia ulipogoma. Kiwiko kiliwaka moto, vidole vikafa ganzi, na daktari akasema wazi kwamba akiendelea kuburuta kipanya kwa mkono ule, atakosa hata wa kushikia kikombe. Mkurugenzi, kwa huruma, akamwekea mezani fomu ya kustaafu mapema. Shangazi aliogopa sana siku ile. Alituambia baadaye kwamba hakuogopa kukaa nyumbani, aliogopa kuliacha bonde gizani. Aliirudisha fomu bila kuijaza, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nina mkono mwingine."

Mkono mwingine ulihitaji kipanya kingine, na mwaka huohuo idara ilikuwa imehamia mfumo huria wa kompyuta, ule ambao hauna mwenyewe mmoja na kila fundi ana ruhusa ya kuufungua na kuurekebisha. Ni mfumo mzuri na tunaupenda. Lakini baadhi ya watengenezaji wa vipanya walikuwa hawajaukumbuka.

Afisa ununuzi, mtu wa kupenda vitu vyenye taa, alileta kipanya cha mkono wa kushoto chenye vitufe vingi kuliko vidole vya Shangazi. Mshale ulitembea, vitufe vya pembeni vikanyamaza. Ikabainika kwamba huamshwa na programu maalumu ya mtengenezaji, na programu hiyo haikutengenezwa kwa mfumo wetu. Fundi wa kompyuta alihangaika navyo hadi akaacha kusalimia watu. Kikaja cha pili, kisicho na waya. Hiki kilichapa kazi asubuhi, kisha kikaanza kusinzia katikati ya mstari, bomba linaishia hewani. Shangazi akarudia kuchora kwa mkono wa kulia, kwa siri, akiuficha nyuma ya mafaili tukipita. Tulimwona, na tuliumia.

Dawa ilitoka nyumbani kwake. Mumewe ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wanajua habari za mikasi: mkasi haujaribiwi kwenye karatasi ya mwenye duka, unakwenda na kitambaa chako. Kesho yake Shangazi alitia kompyuta ya mkononi ya ofisi kwenye kikapu cha sokoni, akaenda nayo dukani. Muuzaji aliapa kwamba vipanya vyake vyote vinafanya kazi na kila kitu. "Mwanangu," Shangazi akamwambia, "kila kitu hakimo kwenye kikapu changu. Kilichomo ni hiki."

Wakachomeka kimoja kimoja. Alivikataa vilivyodai programu, akavikataa vilivyopindwa kwa ajili ya mkono wa kulia, hadi kule nyuma kabisa kikatolewa kimoja cheusi chenye waya, vitufe viwili na gurudumu, sawa pande zote. Mfumo ulikitambua papo hapo, bila kudai chochote. Kazi za vitufe alizibadilisha mwenyewe, cha kulia kikawa cha kubofyea, kwenye mipangilio ya kawaida. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu siku hiyo afisa ununuzi haendi dukani bila kikapu.

Shida ikahamia kwetu wa dawati la malalamiko, tunaotumia kompyuta ileile mchana. Tukitaka kufungua, inateremka orodha ya amri. Tukitaka orodha, kinafunguka tusichokitaka. Mkurugenzi alipowaonyesha wageni ramani yetu, alibofya na kubofya hadi jasho likamtoka, Shangazi amesimama nyuma yake akijifanya anakohoa. Fundi wa kompyuta aliahidi kumtengenezea kila mtu mipangilio yake. Tukasema kesho, na kesho haikufika. Mazoea yana taabu, lakini huja.

Mwezi wa tatu mwaka huu Shangazi aliingiza karatasi ya mwisho ya bonde. Wiki chache baadaye, akiwa likizo, bomba kubwa lilipasuka hukohuko. Zamani angepigiwa simu hata akiwa jikoni. Safari hii mafundi bomba walifungua ramani, wakachimba ilipowaonyesha, wakaikuta valvu ya kufungia maji ikiwasubiri, na kufikia adhuhuri maji yakawa yamerudi. Aliporudi kazini aliuliza kwa nini hakuna aliyempigia. Mafundi wakamwambia, "Hapakuwa na haja, Shangazi. Ulikuwa umeshatuambia." Akacheka, halafu akatafuta leso.

Juzi fundi wa kompyuta alikuja na orodha yake ya makabidhiano, akauliza kama sasa arudishe vitufe vya kile kipanya viwe vya mkono wa kulia kama ilivyokuwa. Tulitazamana, dawati zima la malalamiko, na hakuna aliyekubali. Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Naye akatikisa kichwa kukataa.

Shangazi, asante kwa mitaa yote uliyoitoa gizani, na kwa mkono uliouchosha kwa ajili yetu. Msalimie fundi cherehani. Tunakuombea maisha mema, yenye afya na vikombe vya chai utakavyovishika kwa mkono uutakao. Kipanya chako kipo palepale, kushoto.