Ukuta wa Geti la Buluu

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, mshona nguo aliyepakata jalada la kesi alikuwa akimlilia fundi mwashi aliyekaa naye. Jirani yake kajenga ukuta hadi katikati ya njia, gari halipiti, na mama yake mgonjwa anapelekwa kliniki kwa toroli.

"Baraza lilimpa notisi abomoe. Kaibandika getini kama picha ya harusi! Leo naomba amri ya mahakama, ila karani anasema njia ni ya wote, nithibitishe nimeumia kuliko wenzangu."

Kitendawili, wajukuu zangu: mali ya wote, ikiibwa hakuna aliyeibiwa.

Fundi akacheka. "Kesi nyepesi hiyo, dada. Ukionyesha jiwe la mpaka, umeshinda. Ndiyo maana sisi hulifukia kwanza chini ya msingi. Hata pale njia ya shuleni, kwenye geti la buluu, nililifukia mwenyewe."

"Geti la buluu? Ndiye huyohuyo jirani yangu! Shuka nami, kaka, ukamwambie hakimu."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Fundi akainama kutafuta kiatu chini ya kiti, na viatu vyote viwili alikuwa kavivaa.