Mijusi ya Kushoto ya Mama Wivine

Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, Mama Wivine Kalaba atarudisha funguo ya Nyumba ya Mijusi ya kituo chetu cha wanyama hapa mtaa wa Bel-Air, baada ya miaka makumi tatu na moja ya kazi. Sekretari alitaka kuandika maneno haya ya kumuaga yeye mwenyewe, kwa Kifaransa. Nilikataa. Mimi Laurent, fundi wa mbao, sikukaa sana ku masomo, lakini vyumba vyote mijusi ile inamolala ni mukono wangu, na hakuna mulango hata mumoja uliopinda. Basi nani mwingine angemuelezea?

Mama Wivine alizaliwa Naviundu. Baba yake alikuwa Mukatoliki wa upande wa Pweto, mutoto wa muntu wa reli. Mama yake alitoka Butembo, kwa bantu ba biashara ya jumla. Ku vilio na ku ndoa, kila upande ulimwambia aende kukaa na bale bengine. Anasimulia akicheka. Pengine ndiyo maana aliielewa hii mijusi haraka kuliko sisi.

Maana mijusi yenyewe iko ya ajabu. Ni midogo, rangi ya udongo, na yote ni banamuke. Yai linapasuka, mutoto anafanana na mama yake, na mama ya mama yake. Zamani sana, ku visiwa vya mbali, mijusi ya aina mbili ilioana. Kukazaliwa binti wa muchanganyiko, na yule binti akazala bila bwana. Uzao wake wote unabeba nusu ya huku na nusu ya kule, bila kupunguza. Mimi sikukubali. Nilisema iko dume mumoja anajificha, na mimi nitamukamata. Mama Wivine akaniambia nikimupata nimuletee, atamushonea suti. Ile suti haijashonwa, lakini mimi sijamaliza kutafuta.

Kituo kilianza na mijusi miwili tu, mumoja wa chumba cha kushoto na mumoja wa kulia, kila mumoja alitoka kisiwa chake. Uzao wao ulikaa mbalimbali, na katikati ukuta wa mbao. Ukuta wangu. Ku macho bote bako sawasawa, ndiyo maana direkta wa wakati ule aliuliza vyumba viwili ni vya nini, akataka ukuta utoke. Mama Wivine alikataa. Alisema aina zile mbili zinaweza kuwa zilioana mara moja huku na mara ingine kule, na kila ndoa iliacha mabinti wake. Ndani ya familia moja bote ni kama muntu mumoja. Tofauti iko kati ya familia na familia. Ukivunja ukuta utakuwa na mijusi mingi, na hutajua tena una nini. Direkta alimuita kichwa nguvu. Akajibu kwamba kichwa nguvu wa kituo ni Papa Laurent, yeye anajifunza tu. Siku ile niliongeza misumari ku ukuta, bila kuulizwa na muntu.

Kisha ikaja baridi mubaya ya mwezi wa saba. Courant ya umeme ikakatika siku nyingi, taa za joto zikazima. Bale ba kulia balilegea, lakini balipona. Bale ba kushoto tuliwakuta chini kama majani makavu. Walikuwa kitu kimoja, na baridi iliwashinda pamoja. Alibakia mumoja, aliyejibana nyuma ya ubao. Ubao nilichagua mimi.

Mama Wivine alimupeleka kwake ndani ya kasrole, sufuria yake ya kupikia, akamuweka pembeni ya mbabula, jiko lake la makala. Jirani yake Dorcelle alichungulia juu ya ua wa lupango, akauliza kama ku Bel-Air sasa banakula mijusi. Mama Wivine alimujibu alete nyanya. Majuma yalipopita, yule mujusi akataga mayai mawili, yakapasuka. Nilichungulia kasrole mimi mwenyewe: dume hapana. Leo chumba cha kushoto kimejaa. Na damu ilipochunguzwa ku labo ya ng'ambo, zikaonekana familia mbili kweli, za ndoa mbili. Direkta akasema ukuta ubaki.

Sasa tuko na direkta mupya, Mama Bénie. Ni muntu muzuri, lakini nafasi ni ndogo, na maneno ya ukuta yameanza tena. Haijaamuliwa. Ku mukutano Mama Wivine alitazama mbao za ukuta tu.

Wenzake bamemununulia kitenge na saa ya ukutani. Mimi nimetengeneza sanduku lenye matundu, la kubebea mujusi wa kushoto. Direkta alikubali Mama Wivine amuchukue, tunamushukuru. Aliuliza tu kama mumoja atatosha. Mama Wivine alicheka mpaka akakaa chini.

Asante, Mama Wivine, kwa kazi na kwa matani. Ukae vizuri Naviundu, uwe na afya, na mbabula yako isikose makala. Huku mimi niko mbele ya ukuta. Wakinishinda, familia ya kushoto iko kwako. Na dume nikimukamata, nitakuja naye kwako, apimwe suti.