Bamba Walilokalia

Kijiwe cha Engutoto kipo pale barabara ya vumbi inapopinda kushuka bondeni, kando ya duka la pembejeo. Kina vitu vitatu tu: jiko la Mama Prisca, birika lake la kahawa, na benchi la chuma ambalo halijawahi kuyumba hata siku moja, kwa kuwa ni bamba zito lenye vipele, vile vya kuzuia mguu usiteleze. Kila jioni hukaa hapo watu walewale. Yupo Kaanaeli, anayeitwa Mnada kwa sababu ndiye anayenadi sadaka za vitu pale usharikani baada ya ibada. Yupo Loishiye, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukubali kuwa kuna jambo asilolijua. Yupo Lucky wa bodaboda, ambaye ni mdogo kuliko wote na ana sauti kubwa kuliko wote. Wa nne ni mzee Gerson. Yeye hakai kwenye benchi. Tangu amzike mwanawe Reginald, wiki tano zilizopita, hukaa juu ya ndoo ya rangi aliyoifudikiza, na mfukoni mwa koti ana spana. Kila siku huja akiwa ameazimia kusema neno moja. Kila siku hurudi nalo nyumbani.

Jioni hiyo Lucky ndiye aliyechokoza.

— Madogo wameonekana tena kule kiwandani. Watatu, na mabegi mgongoni. Wameruka ukuta kama nyani.

Hakuna aliyeuliza kiwanda gani. Bondeni kuna kiwanda kimoja tu, kile cha mafuta ya alizeti, kilichofungwa miaka kumi na miwili iliyopita. Gerson alikuwa fundi wa mitambo humo. Reginald alikuwa na kikundi cha vijana wenzake waliopenda kutembelea viwanda na kupiga picha mashine. Vile vinavyofanya kazi waliviandikia barua, wakapewa kofia ngumu na mtu wa kuwaongoza. Hiki cha bondeni hakikuwa na wa kuandikiwa. Reginald aliingia, akapanda daraja la chuma linalopita juu ya matangi, na pale katikati akaanguka mpaka kwenye sakafu ya zege.

— Hao ni kiki tu, wazee wangu, Lucky aliendelea. Unapiga picha umesimama kwenye kutu, unaweka maneno mawili ya Kizungu, watu elfu wanakugongea moyo. Basi.

— Moyo haumpandishi mtu urefu ule, alisema Mnada. Pale kuna mali. Shaba ya kwenye mota inatafutwa mpaka Nairobi.

— Reginald alikutwa na simu na chupa ya maji, Gerson alisema polepole.

— Sijamsema Reginald, Baba Reginald. Nawasema wenzake.

— Wenzake walikuwa na nini?

Mnada akapuliza kahawa yake, ingawa ilikwisha kupoa.

Profesa alikuwa akingoja zamu. Akaweka kikombe chini, akajifunga shuka vizuri.

— Mnazungumza mambo ya juu juu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yaani usimpe mtoto simu.

— Hiyo haihusiani, Profesa.

— Methali yoyote inahusiana, ukiwa na akili ya kuihusisha. Sasa nisikilizeni. Mle ndani kuna bwela, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Nyuma ya bwela kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna dhahabu ya Mjerumani.

— Kiwanda kimejengwa mwaka themanini na tatu, alisema Mnada. Mjerumani alikuwa ameondoka zamani.

— Mjerumani hakuondoka siku ile mliyoambiwa ameondoka.

Lucky akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Na hao madogo wameijuaje?

— Kwenye picha. Wanapiga picha, wanazirusha Ulaya, wajukuu wa Mjerumani wanatazama nyufa. Ndiyo kazi yao. Kijana anadhani anapiga kutu, kumbe anapima ukuta.

— Mimi nasikia ni pepo, alisema Mnada. Mtambo ukizimwa bila maombi, unabaki na njaa. Kile kiwanda kilifungwa ghafla Jumanne moja, watu wakaambiwa wasirudi. Hakuna mchungaji aliyeitwa.

— Pepo ni majibu ya mtu aliyechoka kufikiri, Profesa akasema. Mlima huu mnaouona haukufa. Umelala. Na mtu aliyelala anapumua. Pumzi ya Meru inatokea pale pale, chini ya matangi. Kijana akiivuta, kichwa kinakuwa chepesi.

— Kwa hiyo mlima ndio uliomsukuma?

— Sijasema kumsukuma. Nimesema kumwita.

Gerson alitazama mikono yake. Kwa wiki tano mwanawe alikwisha kufanywa mpenda sifa, mwizi wa shaba, kibaraka wa Mjerumani, na leo mtu aliyeitwa na mlima. Hawa walikuwa marafiki zake. Walichimba kaburi kwa mikono yao, chini ya migomba, mvua ikiwanyeshea, na Profesa ndiye aliyeingia shimoni kulisawazisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanakimbia, na kila mmoja alikimbilia mbali kuliko mwenzake, maana walichokuwa wakikikimbia walikuwa wamekikalia.

Kiwanda kilipofungwa, kila nyumba ilichukua kumbukumbu. Ndivyo walivyosema: kumbukumbu. Hori la ng'ombe wa Profesa lilikuwa nusu ya pipa la mafuta kutoka kule. Jiko la Mama Prisca lilikuwa kipande cha bomba. Geti la Mnada, hata bawaba zake, lilitoka kule. Gerson alijiona bora kuliko wao kwa kuwa hakuchukua kitu kwa ajili ya nyumba yake. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa imekaribia, shamba lilikuwa limekauka, na hakutaka kwenda mbele za Bwana mikono mitupu. Akapanda daraja la matangi na spana yake, akafungua bolti nne, akalishusha bamba moja kwa kamba. Moja tu. Akalipeleka kanisani likiwa limeoshwa. Mchungaji aliliwekea mkono pamoja na ndizi na kuku na mayai ya wengine, akaomba Mungu alifanye liwabebe watu wengi. Kaanaeli akalinadi, bei ikapanda, mwisho akalinunua mwenyewe, akalifanya benchi la kijiwe.

Na nyumbani Gerson aliendelea kumsimulia mtoto wake habari za kazini. Aliona haya kuyasimulia mambo ya kufungwa kwa kiwanda, kwa hiyo alisimulia ya kabla.

Tangu mazishi alikuwa akisoma habari za Yeftha, aliyemwekea Bwana nadhiri ya kumtoa sadaka wa kwanza kumlaki, kisha aliporudi nyumbani akamwona binti yake akitoka kumlaki. Alizisoma na kufunga kitabu. Alitaka Mnada aseme. Mnada alijua bamba lilikotoka. Akisema yeye, Gerson angejibu tu, ndiyo. Kujibu ni kwepesi kuliko kuanza.

— Hodi hapa. Shikamooni wazee.

Alikuwa binti mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la kutu, na begi mgongoni.

— Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Profesa. Mama Prisca, mpe kahawa. Sogeeni akae.

Wakasogea. Binti akakaa kwenye benchi kati ya Lucky na Mnada.

— Naitwa Naserian. Nasoma chuo cha Makumira. Nilikuwa kwenye kikundi cha marehemu Reginald. Akamgeukia Gerson. Pole sana, baba. Siku ya mazishi nilikuwepo, nilishindwa kukusogelea.

— Ahsante, mwanangu.

— Ndiyo ninyi mnaoruka ukuta? aliuliza Lucky.

— Leo ni sisi. Hatukwenda kupiga picha. Tumepeleka mbao za kuziba lile pengo la darajani, maana shule za huku zikifungwa watoto watapanda. Mbao zimekuwa fupi, na moja imepasuka nilipoikanyaga.

Mama Prisca alikuwa ameinamisha birika, akalinyanyua kabla kahawa haijatoka.

— Siku ile Reginald ndiye alitangulia, Naserian aliendelea. Alikuwa anarudi nyumanyuma, anatuelekezea simu. Tukamwambia geuka uangalie unakokwenda. Akasema hamna shida, baba yangu amelitembea daraja hili miaka kumi na tisa, anasema unapita hata umefumba macho.

Gerson alishusha kikombe chini, kikalala ubavu, kahawa ikanywewa na vumbi.

— Mabamba mengine yote yapo, binti alisema. Nimeyahesabu, yapo, na bolti zake zipo. Limekosekana moja tu, pale katikati. Kwa hiyo wenzangu wamenituma kuuliza kwa wazee waliofanya kazi pale. Lile moja liko wapi?

Lucky alitazama pikipiki yake. Profesa, aliyekuwa na jibu la dhahabu na jibu la mlima, alianza kujifunga shuka upya. Mnada alikuwa na sauti ambayo Jumapili ilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

— Kahawa imeisha, alisema Mnada.

— Haijaisha, alisema Mama Prisca. Birika limejaa.

Naserian aliwatazama mmoja mmoja, akidhani amekosea adabu.

— Samahani, wazee. Kama hamfahamu si neno.

Gerson akasimama.

— Simama, mwanangu.

Binti akasimama.

— Na ninyi simameni.

— Baba Reginald, alisema Mnada kwa sauti ya chini, lile lilikwisha kuombewa. Ni mali ya Bwana lile.

— Nilimpa Bwana kitu kisichokuwa changu. Simama, Kaanaeli.

Wakasimama, vikombe mikononi, kama watu waliokatizwa kula. Gerson akapiga magoti mavumbini mbele ya benchi. Alitoa spana mfukoni. Hakuhitaji kupima nati. Ile ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Alitia uzito wa mwili wake wote, ikagoma. Akatia tena, ikalia, ikalegea. Akaimalizia kwa vidole, akaing'oa bolti, akanyoosha mkono bila kutazama juu, akaiweka kwenye kiganja cha Naserian.

Binti aliitazama ile bolti. Aliinama, akaliona tundu ilipotoka, kisha akahamisha macho kwenye yale mengine matatu ya pembeni.

— Ni wewe, baba? aliuliza.

— Ni mimi, Gerson alisema. Shika upande huo. Ni zito, na lazima lifike juu darajani kabla giza halijaingia.

Mama Prisca akamimina kahawa yote juu ya makaa ya lile jiko la bomba.