Pua ya Mama Iman

Zeinabu Abdelkarim, tunayemwita Mama Iman, anastaafu tarehe 28 Novemba 2025 baada ya miaka kumi na sita kwenye mtambo wetu wa biogesi hapa Kambi Muru. Kamati imeniomba mimi Murunga, msimamizi wa mtambo, niandike maneno ya kumuaga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wivu ninao, siufichi.

Alianza kwa kuosha sufuria katika jiko la jamii. Mtambo ulipojengwa akapewa kazi ya kuulisha: maganda ya viazi, ugali uliolala, mboga zilizooza kutoka soko la Kawangware 56. Vyote huozea ndani ya tangi bila hewa, vikatoa gesi ya kupikia, na mbolea ya maji ambayo kina mama wa Kianda humwagia sukuma wiki zao za kwenye magunia.

Mimi nilikuja 2016 na diploma na kipimo cha asidi. Mama Iman ana pua tu. Hunusa ndoo, akitikisa kichwa ndoo inarudi ilikotoka, na hajawahi kukosea. Wageni wakifika hupiga picha naye, mimi nikishika mikoba yao. Iliniuma sana.

Ramadhani ya 2019, wiki ya mwisho, alichukua likizo. Nikasema sasa wataona fundi. Kila siku nilimimina gunia la maganda ya machungwa kutoka kwa wauza juisi, nikitaka gesi nyingi kuliko yake. Kipimo sikukitoa hata mfukoni. Siku ya Idi tangi lilikuwa limechacha, moto ukazimika jikoni pilau ikiwa nusu mbichi.

Mama Iman alikuja amevaa gurbaba lake jipya, vazi la Kinubi la sikukuu. Alinusa, akaniangalia, akaenda kutafuta samadi na jivu za kupunguza uchachu. Mtambo ulipona baada ya wiki tatu. Kamati ilipouliza aliyekosea, mimi mgeni wa miaka mitatu ningefukuzwa, lakini Mama Iman alisema kosa ni lake, la kabla ya likizo. Walimsamehe kwa ukongwe wake, ila cheo cha usimamizi alichokuwa amekwisha ahidiwa wakanipa mimi.

Miaka sita nimekikalia, na bado watu humwuliza yeye.

Wanakamati, maganda yale yalikuwa yangu. Cheo amueni wenyewe.

Mama Iman, asante. Pumzika ukiwa na afya njema, ule pilau iliyoiva. Jumatatu nitanusa ndoo kwanza, kama ulivyonifundisha nikijifanya sisikii.