Miaka Thelathini na Moja kwenye Banda la Nta

Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2018, Bi Verna Kemppainen atachomoa pasi yake kwenye umeme, atatundika aproni na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia timu ya skii ya Chuo cha Agate Point. Kambi ya mwaka huu hapa Tamarack ndiyo yake ya mwisho. Kwa mliojiunga nasi juzi: huyu ndiye mpakaji wetu wa nta, anayeiyeyusha kwa pasi chini ya skii, mtu anayeamua kama skii itateleza au itamkwamisha mwenyewe njiani. Hakuna aliyeshinda chochote katika chuo hiki bila kupita kwanza mikononi mwake.

Alizaliwa maili sita tu kutoka hapa, kwenye shamba la viazi la wazazi wake, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka kumi na miwili katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini. Mwaka 1987 Kocha Gordon Tervo alikuwa ameunguza jozi tatu za skii ndani ya wiki moja. Akaenda hotelini kuuliza kama kuna mtu anayejua kushika pasi. Akaonyeshwa Bi Verna, ambaye hakuacha kupiga pasi shuka lililokuwa mbele yake.

"Unajua mambo ya skii?" Kocha akamuuliza.

"Sijui. Lakini najua kitu kinapotaka kuungua."

Akaajiriwa siku hiyohiyo, akaja na pasi yake mwenyewe. Mpaka leo hajawahi kuvaa skii miguuni hata siku moja, na wanafunzi wakimtania kwa hilo huwajibu kwamba mpishi wa samaki si lazima ajue kuogelea.

Kazi yake aliifanya kwa mkono. Alfajiri, kabla hata kahawa haijachemka, alitoka nje bila glavu, akachukua theluji kiganjani, akaifinya, akaisikiliza inavyolia, kisha akarudi bandani na kuchagua nta. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, hata Kocha. Aliyeingia bandani na viatu vyenye theluji alipewa ufagio. Kila skii aliitia alama kwa rangi ya kucha, na mwanafunzi aliyelalamikia rangi yake alibadilishiwa akapewa ya waridi.

Mwaka 2001 tulifika Novemba na ardhi ikiwa kavu. Kocha alitaka kuvunja kambi. Bi Verna akapiga simu hotelini kwake kwa zamani, akaazima matenga arobaini ya nguo chafu, akawapeleka wanafunzi msituni kuzoa theluji iliyojificha chini ya misonobari. Walibeba siku mbili, wakapata njia ya mita mia nane. Walioikuta kambi hiyo wanasema waliizunguka njia ile mpaka wakaanza kusalimiana na miti. Majira hayo ndiyo tuliyopata ushindi wetu wa kwanza wa kanda.

Lakini kusimulia habari za Bi Verna na kuiacha kambi ya 2006 ni kupika mchuzi bila chumvi. Humo nimo na mimi, Curtis Paquette, dereva wenu na mshindilia njia, na mtaniwia radhi nikijitaja.

Wote mnaijua desturi. Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani tunakuwa na mbio za mchujo, kilomita kumi. Wasichana sita wa kwanza na wavulana sita wa kwanza ndio wanaokwenda mashindanoni. Waliobaki wanabaki. Orodha hubandikwa kwenye mlango wa jiko kabla bata mzinga hajakatwa, na hadi wakati huo Kocha Gordon hakuwa ameurudia mchujo hata mara moja. Mwaka ule kulikuwa na Joanna Sirard, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Miaka mitatu alikuwa ameshika nafasi ya saba au ya nane. Majira yote ya kiangazi alifanya mazoezi peke yake, barabarani, kwa skii za magurudumu, na mbwa wa watu walishachoka kumbwekea. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Kila mtu kambini alilijua hilo, na wengi tulimwombea.

Mimi nilikuwa na wiki tano kazini. Tayari nilikuwa nimelitumbukiza gari la chuo mtaroni na kuvunja mashine ya kushindilia theluji, na Kocha alikuwa ameniita pembeni akaniambia, "Curtis, moja tu zaidi, unapanda basi la kwenu." Asubuhi ile nilihitaji nguzo ya banda ili nifunge kamba ya kuanikia nguo. Kwenye nguzo hiyo kulikuwa na kipimajoto. Nikaking'oa, nikakipigilia kwenye ukuta wa sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, karibu kabisa na bomba la moshi. Halafu nikawasha jiko la sauna, ili wanariadha wakirudi waikute ya moto. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Bi Verna alikuwa ameshamaliza skii za watu wote isipokuwa jozi nne, alipoitwa jikoni. Mpishi alikuwa kitandani na mafua, na bata hakuwa na mtu wa kumpika. Alimpaka siagi, akamtia ndani ya tanuri, akarudi bandani mbio akiwa na mikono ya mafuta hadi kwenye viwiko. Mkono wenye siagi hausikii theluji, na mtu aliyetoka kwenye tanuri haoni baridi. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na tisa: akamtuma mwanafunzi akasome kipimajoto. Kikasema digrii moja juu ya sifuri. Kweli yenyewe ilikuwa digrii tisa chini yake. Kwa hiyo zile jozi nne akazipaka nta ya siku ya joto, ile laini inayonata kama gundi.

Theluji kavu ikikutana na nta hiyo haibanduki. Ndani ya nusu kilomita wale wanne walikuwa na madonge chini ya miguu kama ugali uliogandia mwiko. Watatu walikuwa wa mwaka wa kwanza, ambao kusema kweli hawakuwa wanakwenda popote hata kwa mbawa. Wa nne alikuwa Joanna. Alikwangua, akajaribu, akakwangua tena, mwishowe akazivua. Alifika mwisho akitembea kwa miguu, skii begani, dakika kumi na moja nyuma ya wenzake. Alikwenda moja kwa moja kuoga.

Orodha ikabandikwa. Nafasi ya sita ilikuwa ya Maren Oja, binti wa mwaka wa kwanza mwenye miguu mirefu. Tulikaa mezani, Kocha akiwa ameshika kisu juu ya bata, ndipo Bi Verna aliposimama.

"Gordon, weka kisu chini kidogo."

"Bata atapoa, Verna."

"Huyo ana mafuta kuliko wewe, hatapoa." Akatugeukia sote. "Skii nne za leo nimezipaka nta ya siku ya joto. Kosa ni langu. Huyu Joanna hajashindwa na mtu hapa. Arudie."

Kocha alitikisa kichwa. "Saa ni saa. Nikirudia mwaka huu, mwakani kila aliyeanguka atakuja na hadithi yake."

"Sawa. Basi aliyeshindwa leo ni mimi, na aliyeshindwa anatoka." Akafungua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja shuka, akaiweka juu ya kiti.

Mimi nilikuwa na mkate mdomoni na nilijua fika bomba la moshi liko wapi na kipimajoto kiko wapi. Ningeweza kusimama. Nikatafuna. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka kumi na miwili mkate ule haujawahi kushuka vizuri.

Aliyesimama ni Maren Oja, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kupoteza. "Kocha, mimi narudia naye," akasema. "Nafasi niliyopewa na gundi siitaki. Nikienda mashindanoni nayo nitakuwa najicheka mwenyewe njia nzima."

Kocha akamtazama Maren, akaitazama aproni, akaweka kisu chini.

Tukatoka wote, na njaa zetu. Bi Verna aliosha mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akapiga magoti nje, akautia mkono kwenye theluji na kuuacha humo mpaka tukaanza kumwonea huruma. Kisha akapaka jozi mbili mbele ya macho yetu, nta moja, pasi moja, mwendo mmoja wa mkono. Kilomita tano. Wakaruhusiwa kuanza kwa kupishana nusu dakika, Maren mbele, Joanna nyuma, kila mmoja akipimwa kwa saa yake.

Ningependa kuwaambia kwamba Joanna alishinda. Alishindwa kwa sekunde tatu. Alianguka baada ya mstari, akalala chali akihema, na Bi Verna akamwendea, akainama kumfungua skii, uso umemsinyaa.

"Mama, acha uso huo," Joanna akamwambia kutoka pale chini. "Asubuhi nilishindwa na gundi. Sasa nimeshindwa na mtu. Leo nitalala."

Bi Verna alikwenda nyuma ya banda akakaa kidogo. Aliporudi macho mekundu, alisema ni moshi wa sauna. Kocha akamletea aproni yake, akamfunga mwenyewe, vibaya. Bata alikuwa bado wa moto. Maren na Joanna walikaa pamoja, na Joanna akala vipande vinne.

Tangu siku ile Kocha amerudia mchujo mara mbili, kila mara fundi wa nta aliposema kosa ni lake, na hakuna mwanafunzi aliyekuja na hadithi. Wanafunzi kumi na wawili walioondoka hapa wamefika mashindano ya taifa. Joanna hayumo kati yao. Anafundisha hesabu Duluth, na kila mwaka, mchujo ukikaribia, hupiga simu kumuuliza Bi Verna kama amenawa mikono.

Alhamisi iliyopita, tukiwa wawili tu bandani tunafungasha vitu vyake, nilishindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia habari za nguzo, kamba, ukuta wa sauna na bomba la moshi. Kocha Gordon, ambaye bado yupo na bado anashika kisu kile, anayasoma haya kwa mara ya kwanza hapa. Kocha, basi la kwetu siku hizi halipo tena, walifuta safari.

Bi Verna hakuacha kukwangua nta kwenye meza.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikwenda kukitazama kabla ya chakula. Misumari yote ilikuwa imepinda. Nani mwingine hapa anapigilia hivyo?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, wakati alikuwa ameweka kazi yake mezani na mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake, ninatafuna.

"Kukutaja kwa lipi? Kipimajoto hakipaki nta, Curtis. Nta nilipaka mimi."

Halafu akanipa kile kipande cha plastiki cha kukwangulia, akanionyesha kona niliyoiacha na uchafu.

Bi Verna, kwa niaba ya wote uliowapigia pasi, uliowafokea kwa viatu, na mmoja uliyemwacha abaki kazini bila kumwambia, asante sana. Unasema ukistaafu utakaa dirishani na mumeo Elmer, mtazame theluji ikianguka bila kuiuliza ina digrii ngapi. Tunakuombea theluji nyingi ya namna hiyo, afya, kahawa ya moto, na mikono mikavu. Ijumaa njoo mezani bila aproni. Safari hii bata nampaka siagi mimi, na akiungua, nitasimama kabla sijaulizwa.