Bwana Lenzi na Vitanzi Vinane

Miaka thelathini na moja na miezi minne Bwana Lenzi ameinamia nguo za watu. Tarehe thelathini Juni atainuka, mgongo ukikubali, na atastaafu uofisa wa forodha katika chumba chetu cha kuainisha nguo zinazoingia kutoka nje. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo nimempikia chai, kwa hiyo mnaosoma maneno haya ya kumuaga msinibishie.

Alianzia ghalani, kijana mwembamba wa kuhesabu maboksi. Baadaye akapewa meza ya nguo za kufumwa: sweta, fulana, soksi. Kazi ya meza hiyo ni kusema kila nguo ni nini hasa, maana kundi lake ndilo linaloamua itozwe ushuru gani. Watu hudhani ni rahisi. Jaribuni nyie kukaa asubuhi nzima na soksi moja.

Jina la Lenzi lilitokana na kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni. Akishuku nguo huchomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti, akaunusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Chumba kinanuka, na chai yangu inanuka. Hata ukweni hakuacha. Mama mkwe alikuwa amewaringia majirani kwa sweta yake ya sufu. Mkwe akapindua pindo, akachomoa uzi. Nailoni tupu. Hakukaribishwa tena mpaka mjukuu wa pili alipozaliwa.

Amefunza maofisa kumi na mmoja. Uamuzi wake haukuwahi kutenguliwa na mtu, na kila Jumatatu alitukumbusha, tusije tukasahau.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja mwenye duka dogo aliingiza maboksi arobaini ya blauzi za kufumwa. Sheria inataka blauzi iwe na vitanzi vya uzi visivyopungua kumi kwa kila sentimita, kwa urefu na kwa upana. Vikipungua, inahamia kundi la sweta. Lenzi akahesabu vinane, akaandika kwamba mama huyo kadanganya ili akwepe ushuru wa sweta, akatia sahihi. Mzigo ukazuiwa. Siku kumi zikipita, mnada. Yule mama akawa anashinda kwenye benchi la nje ya mlango wetu, akimwambia kila apitaye kwamba duka lake lote limo ndani ya maboksi yale.

Siku ya saba niliingia na sinia nikamkuta Lenzi anahesabu upya, blauzi kaiwamba kwenye goti kama ngozi ya ngoma. Aliyewahi kushika sindano za kufumia anajua kuwa kitanzi kikivutwa hupanuka. Nikamuuliza kama lile ni goti au ni kipimo cha serikali. Nikamwambia ailaze mezani, aiache ipumzike, ndipo ahesabu. Akanuna, akaniambia nishughulike na birika langu. Nikaondoka na birika langu, na chai yake ikiwa ndani.

Kabla ya saa sita alikuwa kalaza blauzi sita mezani. Kila moja vitanzi kumi, nyingine kumi na moja.

Angeweza kunyamaza. Sahihi yake hakuna aliyeitilia shaka, na wiki ileile jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wa kupandishwa cheo. Lakini aliandika barua kwamba aliyekosea ni yeye, si mwenye mzigo, akaipeleka kwa mkuu kwa mikono yake. Cheo akapewa mwingine. Siku ya tisa yule mama alipakia maboksi yake, na Lenzi alikuwa upande wa pili wa gari akimsaidia kubeba, wala hakutaka kushukuriwa.

Nilimwambia siku hiyo kuwa ni mjinga wa kupima kwa goti, na kwamba ningekuwa mama yake ningetembea kifua mbele. Naandika hayo sasa ili asiseme nilikuwa natania.

Asante, Lenzi mdogo wangu, kwa kazi yako yote. Mkeo ananiambia miaka yote ya ndoa hajawahi kukusikia ukisema umekosea. Kwa mkuu uliweza, ukakosa cheo. Kamwambie na yeye, utapata chai tamu kuliko yangu. Sisi wa chumba hiki tunakuombea uzee mwepesi na maisha mema.