Nani Abebe Lawama ya Kizibao cha Njano

Mgeni rasmi, Mkuu wa Usalama Barabarani, na ndugu zetu mliofika:

Sisi waendesha baiskeli wa kundi la Twende Sote tunakukaribisha kwa mikono miwili katika karakana hii ya kiongozi wetu, Seremala. Utuwie radhi kwa vumbi la mbao. Tumefagia mara mbili, nalo likarudi.

TULIKOTOKA
Tulianza watu wachache, kila mmoja akisingizia ushauri wa daktari. Leo tunajaza barabara. Mwendo wa Seremala tunautania kuwa wa bibi harusi, lakini kwa mwendo huo hakuna aliyekuwa akiachwa.

UTARATIBU WETU
Kila njia panda, anayemfuata Seremala husimama kama kigingi kuwaonyesha wenzake pa kukata. Haondoki mpaka amwone mkia, yaani mtu wa mwisho, aliyevaa kizibao cha njano. Tulijivunia sana jambo hili.

YALIYOTUPATA
Ajali unaijua, Mgeni rasmi. Chanzo chake huenda hukuambiwa. Asubuhi ile ya ukungu mkia alikuwa Mama Cherehani, fundi nguo. Alimwona mwalimu mstaafu amevaa shati la kijivu, akamhurumia, akamvisha kizibao chake. Mwalimu, kwa kujiona salama, akachanganya miguu na kuwapita wenzake. Kigingi akaona njano, akajua wote wamepita, akaondoka.

Nyuma walikuwa wamebaki Mama Cherehani na mpishi wa shule, mgeni kwetu, ambaye cheni yake ilichomoka. Walipofika njia panda hapakuwa na mtu. Wakanyoosha mbele, na mpishi akatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa, akavunjika mguu.

Alaumiwe nani? Aliyehurumia, aliyehurumiwa, au kigingi? Tumebishana mpaka tumechoka. Seremala hakubishana. Alimwambia mkewe, "Mimi ndiye niliyewatoa majumbani mwao," na tangu siku hiyo hajapanda baiskeli. Inatuuma.

OMBI
Ofisi yako imeagiza tusitoke tena mpaka mtu mmoja atie saini kwamba kila ajali ni yake. Seremala anasema mzigo huo hauwezi, na sisi wengine tumeangalia chini. Bila saini, kundi linafutwa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Tunaomba tutie saini sote. Kiongozi abebe ya kiongozi: njia na mwendo. Mkia asivue kizibao njiani, hata kwa huruma. Na kigingi asiondoke kwa kuona rangi tu, mpaka mkia amwitikie kwa sauti.

HITIMISHO
Tangu ajali, Seremala hajaweza kumtazama mpishi usoni. Ndiyo maana tulimwomba mpishi asome risala hii, naye ndiye huyu aliyesimama mbele yako kwa gongo. Alikubali kwa sharti kwamba maneno haya yawe yake mwenyewe: "Seremala, kaka yangu, mguu ukiunga nataka twende tena. Na utangulie wewe."

Mungu akulinde barabarani, Mgeni rasmi, akufikishe kwa wanaokungoja.

Ni sisi,
Twende Sote